Nguo za Chujio Hazikunjwi

Nilimwonea Kabula wivu kwa sababu ya pua yake. Nawaambia hilo mwanzoni, vijana, ili mjue mnayemsikiliza ni mtu wa namna gani. Mmenizoea kama babu mpole anayewauliza habari za masomo na kuwagawia karanga, na mnadhani nilizaliwa hivyo. Nilifanya kazi ya mafuta ya pamba hapa Bariadi tangu kidevu changu hakijaota ndevu za kutosha hadi nilipostaafu, na katika ile miaka ya vijiji vya Ujamaa, tulipokuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, nusu ya nguvu zangu niliimaliza kwenye mitungi ya mafuta na nusu kwenye kijicho.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, kimeegemea jineri. Jineri ilichambua pamba, mbegu zikaja kwetu, sisi tukazikamua. Mafuta ya mbegu ya pamba yakitoka kwenye mashine ni meusimeusi yenye wekundu, na yana sumu ya mbegu ndani yake, kwa hiyo hayaliwi hadi yasafishwe. Mashudu yalikwenda kwa ng'ombe, mafuta yalikuja kwangu. Mimi nilikuwa mpimaji. Nilikuwa na Form Four, koti jeupe, bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za kupimia, na chumba chenye mlango unaofungwa, na katika Bariadi ya wakati ule hayo yalitosha kumfanya mtu ajione.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, msimamizi wa usafishaji. Asili yake Ujiji. Alikuja Usukumani kijana akifuata biashara ya pamba, akaoa, akabaki, akajifunza Kisukuma hadi akawa anatusahihisha sisi wenyewe. Hakuwa na cheti chochote. Alidondosha mafuta mgongoni mwa mkono, akayasugua, akanusa, kisha akaniambia nipime. Nilipima kwa dakika ishirini na kumletea jibu ambalo yeye alikuwa ameshalisema.

Kosa langu la kwanza kubwa mnalijua, maana watu wa hapa hawakulisahau. Mafuta husafishwa kwa kostiki soda, na mpimaji ndiye anayesema itiwe kiasi gani. Siku moja nilisoma bureti vibaya, nikaandika zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichotakiwa. Ndani ya saa moja pipa zima likageuka uji mzito wa rangi ya tope. Mzee Athumani aliinama, akachovya mwiko, akautazama.

"Nilikuagiza mafuta," akasema, "wewe umenipikia sabuni."

Mwaka ule sabuni ilikuwa imeadimika dukani. Habari zilipofika mtaani kina mama walikuja na ndoo na karai, na meneja, aliyekuwa amepanga kunifokea, akajikuta anasimamia foleni. Kwa wiki nzima nilisalimiwa vizuri kuliko mbunge. Wengine mpaka leo wananiita Babu Sabuni, na mimi naitika.

Lakini kuna kipande cha kisa hicho ambacho huwa sikisimulii. Wakati tunalitazama lile pipa, dada mmoja mfagizi alikuwa amesimama nyuma yetu na ufagio wake. Mzee Athumani akamuuliza, labda kwa mzaha, "Na wewe mayu, unaonaje?"

"Nilisikia harufu ya sabuni hata kabla kostiki haijamalizika kumiminwa, baba," akajibu.

"Mbona hukusema?"

"Mimi ni wa ufagio."

Huyo ndiye Kabula. Kwao Mwandoya. Mama yake alikuwa akitengeneza samli na kuiuza mnadani, na yeye alianza kutikisa kibuyu cha maziwa akiwa hata hajaanza shule. Alisoma hadi darasa la saba. Mzee Athumani akamwambia, "Kesho weka ufagio chini, uje kwenye chujio." Wivu wangu ulianza pale pale, na haukutoka kwa miaka.

Niwaeleze chujio. Mafuta yakishasafishwa kwa kostiki huoshwa kwa maji ya moto, huchanganywa na udongo maalumu unaofyonza rangi, kisha husukumwa kupitia mashine yenye mabamba yaliyovishwa nguo nzito za pamba. Udongo hubaki kwenye nguo, mafuta hupita yaking'aa. Alasiri nguo zile huvuliwa, hukwanguliwa udongo, na huanikwa. Hapo kwenye kuanika ndipo Kabula alipokuwa na ukali ambao sikuuelewa. Kila nguo aliitandaza peke yake kwenye uzio, isigusane na jirani yake, na udongo uliokwanguliwa aliumwaga mbali na kuumwagia maji. Ukimwekea nguo mbili pamoja alikuja kuzitenganisha. Aliweka kiganja katikati yake na kusema, "Zimeanza kupata homa."

"Nani alikufundisha hayo?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nilizikuta zimelundikwa siku moja, nikaingiza mkono. Nje baridi, ndani moto. Kitu cha namna hiyo, bhebhe, wewe ungekiacha?"

Mimi niliona ni ushamba. Nguo haikai karibu na moto, moto utoke wapi? Nilikuwa na Form Four na kitabu cha kemia chenye jalada gumu, na ndani yake sikuona mahali palipoandikwa kwamba nguo hupata homa.

Kisha likaja suala la bomba. Tangi letu la mafuta masafi lilikuwa na bomba la chuma lililokuwa likivuja. Nikaomba kibali, nikatafuta Mwanza bomba la shaba nyeupe, nikalifunga mwenyewe na kulisugua hadi mtu akajiona ndani yake. Meneja alinisifu mbele ya watu. Baada ya wiki mbili Kabula alikinga mafuta kidogo pale bombani, akanusa, akayarudisha.

"Yameanza kuoza," akasema.

Nikapima asidi. Kipimo kilikuwa kizuri kabisa. Nikamwonyesha kipimo, naye akakitazama kwa heshima zote, akanusa tena. "Bado yameanza kuoza." Siku tano baadaye kila mtu alisikia, hata meneja mwenye mafua: ile harufu ya rangi ya ukutani na nyasi zilizolowa. Mzee Athumani alitazama bomba langu linalong'aa na kutikisa kichwa. Ndipo aliponiambia kitu ambacho nawaachia ninyi kama urithi, maana kitawafaa hata jikoni kwenu: mafuta yanachukia hewa, yanachukia jua, lakini shaba ndiyo yanayoichukia kuliko vyote. Weka mafuta gizani, jaza chombo hadi shingoni, usichanganye mabaki ya zamani na mapya, na usiyaweke kwenye kitu cha shaba hata kikipendeza vipi. Nilikwenda kulifungua bomba langu huku jineri nzima inanitazama.

Mnadhani hapo nilijifunza? Nilichojifunza ni kumchukia. Alipocheka na wenzake chini ya paa la mizani ya kupimia pamba nilidhani ananicheka mimi. Alipoanza kukaa mlangoni kwangu kuangalia ninavyopima, na baada ya mwezi akaweza kusoma bureti bila kukosea, nilianza kufunga mlango. Wanawake wa mjini walikuwa na kanga iliyoandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mke wangu aliivaa mara tatu kwa wiki, sijui kama alikuwa na maana yoyote. Ninachojua ni kwamba nilikonda kweli.

Ndipo ikaja barua. Kulikuwa na nafasi moja ya kozi ya mafuta Dar es Salaam, miezi tisa, kwa mfanyakazi yeyote mwenye bidii aliyesoma angalau darasa la saba. Anayerudi angekuwa mkuu wa usafishaji Mzee Athumani akistaafu. Mzee aliombwa apendekeze jina. Nilichungulia karatasi mezani kwake. Alikuwa ameandika Kabula.

Sikulala vizuri tena. Nilijiambia mwanamke atawezaje kuondoka miezi tisa, mfagizi atamwongoza nani, mzee amezeeka. Niliyasema hayo kwa sauti kwa kila aliyenisikiliza. Ukweli ni mmoja tu na nausema leo bila kuuzungusha: alistahili, nami nilijua anastahili, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kabla meneja hajatia sahihi tuliletewa taarifa ya ugeni. Mgeni mkubwa wa serikali angekuja kukagua kiwanda. Meneja akataka kila kitu kipangwe, ua upigwe chokaa, na wafanyakazi wanawake wafanye mazoezi ya wimbo wa kumpokea. Alasiri ya kuamkia ugeni Kabula alianika nguo zake kama kawaida, akaenda kwenye mazoezi. Meneja akapita na mimi uani, akaona uzio umejaa nguo zenye madoa.

"Hapa ni kiwanda au kwa dobi?" akauliza.

"Ndivyo anavyotaka Kabula," nikajibu. "Lakini nitalishughulikia, ndugu meneja. Nitahakikisha panapendeza."

Nilizianua zote. Zilikuwa bado na mafuta, zina vuguvugu la jua. Nilizikunja moja moja, kona kwa kona, nikazipanga stoo katika rundo la kufika kiunoni, chini ya mabati, karibu na nguo mpya ambazo hazijatumika. Nikafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Niseme nini? Nilifurahi. Nilifikiri mgeni atasifu usafi, meneja atasema ni kazi yangu, na ushamba wa Kabula utakuwa umeonekana.

Asubuhi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mwangaluka, ngosha. Nguo zangu ziko wapi?"

"Mwangaluka. Ziko mahali pazuri."

"Umezilundika?"

"Nimezipanga."

"Nipe ufunguo nizione."

"Mgeni akiondoka."

"Ngosha, nipe ufunguo. Tafadhali."

Alikuwa amevaa kitenge kipya cha ngoma na uso wake ulikuwa na hofu. Nikaona mtu mwenye Form Four akiombwa na mfagizi, na utamu wake ukanipanda kichwani. Nikamwambia aende akaimbe.

Saa sita mchana mgeni alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukamua, anaelezwa habari za mashudu, moshi ulipoanza kutoka kwenye paa la stoo. Kwanza mweupe, kisha wa kahawia, una harufu kali ya mafuta yaliyoungua. Nilikimbia na ufunguo, nikakosea tundu mara mbili. Nilipofungua mlango hewa iliingia na rundo likawaka mbele ya macho yangu kuanzia tumboni mwake. Kabula alipiga kelele kwamba tusimwage maji juu juu tu, tuzivute nje tuzitawanye. Wanaume wakachukua reki za jineri wakafanya alivyosema. Hakuna aliyeumia, na jineri yenye pamba ilipona. Stoo na kila kilichokuwamo viliteketea. Mgeni aliondoka bila kula, na meneja alibaki amesimama na sinia la pilau lililofunikwa.

Kikao kilikaa siku ya pili. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi akauliza nani anahusika na nguo za chujio. Kabula akasimama.

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuzianika kama kazi yako inavyotaka?"

"Nilizianika."

"Ulizianika, halafu zikaanuka zenyewe, zikajikunja, zikaingia stoo?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, vijana. Mdomo wangu ulifunguka nikasikia sauti yangu ikicheka pamoja nao. Kabula alinitazama, akangoja. Meneja pia alinitazama, lakini meneja alikuwa na yake ya kuficha, maana ni yeye aliyelalamikia uzio. Kimya changu na kimya chake vikakubaliana bila maneno, na hakuna aliyeuliza ufunguo ulitoka wapi. Kabula akaketi. Akaachishwa kazi kwa uzembe, na jina lake likakatwa kwenye karatasi ya kozi, likaandikwa langu.

Nilipokwenda kumuaga Mzee Athumani alikuwa akitawadha. Alimaliza kuosha miguu yote miwili ndipo akanijibu.

"Nenda ukasome," akasema. "Lakini huko usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyekufundisha."

Dar es Salaam, wiki ya tatu, mwalimu wetu alichora ubaoni mnyororo mrefu wa kaboni kumi na nane. Akasema hii ni asidi ya linoleiki, ndiyo iliyo nyingi kuliko zote kwenye mafuta ya pamba na ya alizeti. Mwili wa binadamu unaihitaji na hauwezi kuitengeneza, kwa hiyo lazima uile. Akaonyesha sehemu mbili ambapo kaboni zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja, na kati ya sehemu hizo kaboni moja iliyokaa kinyonge. Hapo, akasema, ndipo hewa inapouma. Kila ikiuma hutoka joto kidogo. Mafuta haya yakitandaa kwenye nguo, hewa inapata mahali pengi pa kuuma. Ukiianika, upepo unaondoka na joto. Ukiikunja na kuilundika, joto linakosa pa kwenda, nalo linaongeza kuuma, na kuuma kunaongeza joto, hadi nguo iwake bila kiberiti. Akauliza kama kuna mtu amewahi kuona jambo hilo kazini. Nilitazama daftari langu hadi alipoendelea na somo.

Akaendelea kusema kwamba vifungo vile viwili vya mikono miwili vinaweza kusogezwa vikakaa jirani, bila kaboni ya katikati, na hiyo ndiyo linoleiki wanayoiita konjugeti. Ukichemsha mafuta na kostiki kwa moto mkali sana kwa muda mrefu inatokea, na mafuta ya nyonyo yakiondolewa maji ndani yake huipata nyingi, ndiyo maana watengeneza rangi wanayapenda: hukauka haraka. Kisha akasema, kwa kupita tu, kwamba ng'ombe naye huitengeneza tumboni akila majani, na kidogo chake hubaki kwenye maziwa na samli. Nilimaliza kozi nikiwa wa kwanza darasani. Kila nilipopongezwa nilimwona Kabula akiweka kiganja kati ya nguo mbili.

Nilirudi, nikawa mkuu wa usafishaji. Niliweka sheria kwamba nguo za chujio hazikunjwi, na nikaifundisha kwa vijana wote waliopita mikononi mwangu kana kwamba niliivumbua. Hata hivyo wivu haukwisha. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakileta samli kutoka Mwandoya, na mwenye duka akitaka kuisifu alisema, "Hii ya Kabula." Haikuoza, haikuwa na harufu, iliuzwa kabla ya zote. Nilikuwa na ofisi, na bado nilinunua samli ya mwingine kwa makusudi.

Miaka imepita. Mjukuu wangu Neema, dada yenu anayesoma mambo ya lishe Morogoro, aliniambia juzi kwamba ile linoleiki ya tumbo la ng'ombe siku hizi inauzwa kwenye vidonge, watu wanameza wakitaka kupungua unene. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema kwa panya ilionekana kufanya maajabu, kwa binadamu matokeo ni madogo na wataalamu bado wanabishana. "Usije ukaacha dawa zako za presha ukaanza kunywa samli, babu," akaniambia. Aliposema samli nikajua sina tena kisingizio. Kesho yake nilipanda gari la Mwandoya.

Nilimkuta uani kwake anakagua vibuyu. Amezeeka, mgongo umenyooka. Ana ng'ombe wengi, wakwe wanaomheshimu, na utulivu ambao mimi sijawahi kuwa nao, nami huku nimekwenda kutubu roho ikaniuma upya. Tulisalimiana, akanipa kiti na maziwa ya mgando. Sikuyagusa.

"Kabula," nikasema, "zile nguo nilizianua mimi."

"Najua. Si ufunguo ulikuwa kwako?"

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Wangemwamini nani, ngosha? Nilingoja useme wewe." Alifuta mdomo wa kibuyu kwa kitambaa. "Basi, kunywa maziwa. Halafu nieleze. Huko walikokupeleka, walikuambia kwa nini zinapata moto? Nimejiuliza hilo miaka yote."

Nikaokota kijiti. Nikamchorea mchangani kaboni kumi na nane, nikamwonyesha zilizoshikana kwa mikono miwili, na ile nyonge ya katikati. Nikamweleza hewa inavyouma, joto linavyobanwa kwenye rundo. Alisogeza kigoda chake karibu.

"Na vitambaa vyangu vya samli? Mbona haviwaki?"

Sikuwahi kuuliza swali hilo katika miezi tisa. Nikamwambia samli ina kidogo sana ya asidi hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta yake kaboni zimeshikana kwa mkono mmoja mmoja, hewa haipati pa kuuma, na joto linalotoka ni dogo mno.

Alipitisha kidole juu ya mchoro, akihesabu, akafika kumi na nane.

"Ni haya tu waliyofundisha?"

"Karibu ni haya tu."

"Basi," akasema Kabula, "hata mimi ningeelewa."